Nani karuhusu vitabu vya zamani vya programu viuzwe kwa kilo hapa Tabora?

Wakuu nina hasira sijui hata nianzie wapi. Kuna taasisi moja hapa Tabora siitaji jina, imesafisha maktaba na vitabu vya kompyuta vya zamani vyote wameuza kwa kilo kwa watu wa vifungashio. Nimejua nilivyoenda sokoni nikafungiwa karanga kwenye karatasi ya kitabu cha Fortran, lugha ya zamani ya kuandikia programu za kompyuta!! Ile fomu ya kuandikia programu inasomeka kabisa, safu ya 1 mpaka 5 namba ya mstari, ya 6 ya kuonyesha mstari unaendelea, 7 mpaka 72 ndo maelekezo yenyewe, yote imelowa mafuta na chumvi. Nikamuuliza mama muuza karanga, vingine viko wapi? Akasema mwanangu nimeshafungia, akanipa kilichobaki, jalada la kitabu cha C, lugha nyingine ya programu, cha Kernighan na Ritchie cha 1978, toleo la kwanza, ndani hamna kitu.

Nikaenda kuuliza kwenye hiyo taasisi, afisa ananijibu eti vimepitwa na wakati na hicho cha C kipo mtandaoni. Jamani! Kilichozagaa ni toleo la pili la 1988, lile lenye muhuri mwekundu wa ANSI C, yaani C iliyowekewa viwango rasmi. La kwanza ni C ya kabla ya viwango, aina za vigezo vya fankisheni (data zinazopewa kipande cha programu) unaziandika nje ya mabano, chini yake, ukitaka kusoma maandishi ya programu za Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, za miaka ile unalihitaji lile lile.

Halafu hii ni Tanzania, kompyuta ya kwanza imekuja 1965 Wizara ya Fedha, 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, sasa kitabu cha Fortran cha enzi hizo kufika mpaka Tabora unadhani kilijileta? Nyuma ya vitabu hivyo kulikuwa na kadi za kuazima zenye majina ya waliovisoma, hiyo ni historia yetu na haipo kwingine. Wenzetu Uingereza na Marekani kile kitabu cha programu cha kina Wilkes cha 1951 kuhusu EDSAC, kompyuta ya mwanzo mwanzo ya Uingereza, wanakigombania kwa pesa ndefu.

Sisi tunaokusanya tupo, na bei ya kilo tungeipita mbali, mlishindwa nini kubandika tangazo getini? Aliyesaini kibali aje aseme magunia mengine yako wapi, maana mama kaniambia kuna yaliyopakiwa kwenda Nzega. Mdau yeyote wa Nzega akiyaona asikubali yachanwe, anijibu hapa hapa nakuja nayalipia.