Naombeni ushauri: Baba mkwe mlokole anataka kuangalia Super Bowl sebuleni kwangu na fellowship nzima

Mti_Mkavu (mleta uzi)
Wakuu habari za mida hii. Niko Columbus, Ohio, huku Marekani, huu mwaka wa sita. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni msinicheke. Baba mkwe na mama mkwe wapo kwangu tangu Desemba, wametoka Moshi kuja kumwona mjukuu. Mzee ni mzee wa kanisa, mlokole kweli kweli, hata soda nyeusi anaisoma lebo kwanza. Sasa huyu mzee ameupenda mpira wa huku. Mwanzo alikuwa anauliza mbona wanauita mpira wa miguu na wanaubeba kwapani kama mkungu wa ndizi, leo hii Mahomes, mrusha mpira wa Chiefs, anamwita "kijana wetu". Jumapili tarehe 9 Februari 2025 ni fainali yao, ndiyo hiyo Super Bowl, Chiefs na Eagles, na mzee bila kuniuliza ameshaalika fellowship yote ya Waswahili waje kuangalia kwangu, mchungaji akiwemo. Nataka njia ya kistaarabu ya kuzuia wasiangalie. Sitaki kumkosea mzee.

Nipo_Pale
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mama Junior wa Minneapolis
Mkuu sasa tatizo liko wapi hapo, watu wa Mungu wanakuja kuangalia mpira unalia? Mwaka jana kwangu walikuja ishirini na wawili, Wakongo wa Goma, Wakenya, na Mrundi mmoja aliyelala mwanzo mpaka mwisho hata ilipoenda dakika za nyongeza, pilau likaisha kabla mpira haujaanza. Swali langu ni moja tu, mkeo ana kichanga, hao watu nani anawapikia? Maana nyie wanaume mnaalika halafu mnakaa kwenye kochi mnanyoosha miguu.

Mti_Mkavu
Mama Junior nimesema aliyealika ni mzee sio mimi. Chakula sio shida.

Babu wa Bandari
Mimi nishajua, anaogopa matangazo ya bia. Wanangu hayo matangazo ndiyo mpira wenyewe, kuna watu huku wanaenda chooni wakati wa mchezo ili wawahi matangazo. Mimi nilifika Houston mwishoni mwa 1999, Kiingereza changu kilikuwa maneno kama arobaini hivi, na kumi kati ya hayo ni matusi ya bandarini. Super Bowl ya Januari 2000 wakaonyesha lile la Budweiser, vijana wanapigiana simu kila mmoja anatoa ulimi nje "Whaaassuuup". Kazini kila mtu ni hilo hilo, nikasema kumbe ndiyo salamu ya watu wa huku. Wiki moja baadaye supavaiza wetu karudi toka mazishi ya mama yake, kaingia kimya na suti nyeusi, kaja kunipa mkono. Nikatoa ulimi wote nje mpaka kwenye kidevu.
Hakunifukuza. Aliangalia ulimi wangu kama dakika nzima hivi halafu akaanza kucheka huku analia, mpaka anastaafu alikuwa ananisalimia hivyo hivyo.

Nipo_Pale
Babu ungeandika uzi wako 😂😂

Mwalimu Mstaafu
Kijana, tangazo la pombe ni mtego hata likiwa la kuchekesha, na hasa likiwa la kuchekesha. Mwaka 1995 hao hao Budweiser waliweka vyura watatu kwenye dimbwi mbele ya baa, mmoja analia Bud, wa pili weis, wa tatu er. Mtoto gani hapendi chura? Ndipo hapo mzee wako anapoona hatari. Mshukuru Mungu una baba mkwe mwenye msimamo.

Msee wa Ruiru
Mwalimu hata sisi Kenya tulikuwa na Michael Power wa Guinness, jamaa anaruka magari anaokoa watu, nilikuwa class five nikijua ni askari wa kweli. Niko na miaka thelathini na kitu na sijawahi onja Guinness. So hiyo mambo ya mtego sijui.

Kichwa_Maji
Mtoa mada tuache vyura. Mlokole kuona tangazo la bia sio habari, Moshi nzima imejaa mabango ya bia toka mjini mpaka Marangu na mzee anapita hapo kila siku. Hata jezi za Simba na Yanga zilishawahi kuandikwa Kilimanjaro kifuani na walokole wakazivaa. Kuna kitu umeficha. Sema.

Mti_Mkavu
Sijaficha kitu. Ni matangazo tu kwa ujumla.

Kichwa_Maji
Kwa ujumla au moja?

Mti_Mkavu
Moja.
Ok sikilizeni na msinihukumu. Mwezi wa kumi na moja zamu za weahausi zilipungua, mke mjamzito, bili ziko mezani. Rafiki akaniambia kuna watu wanatafuta sura za kawaida za kucheza tangazo, nikaenda. Ni la bia, kampuni ndogo ya mkoa huu siitaji. Jamaa yuko nyuma ya nyumba anachoma nyama na wenzake, anasikia mlango wa gari, baba mkwe kafika. Anazizoa bia zote anazitia kwenye kigari cha mtoto anafunika na blanketi la bluu. Baba mkwe anakuja mbio na tabasamu anainama anafunua amwone mjukuu. Kimya. Anamwangalia jamaa, anaangalia kigari, anachomoa moja anaitia ndani ya koti halafu anafunika taratibu kama anayemlaza mtoto. Basi ndiyo limeisha.
Huyo jamaa ni mimi.
Na wameniambia litaonyeshwa Jumapili, robo ya pili.

Nipo_Pale
Karanga zimeniangukia zote.

Mama Junior wa Minneapolis
YESU WANGU. Na mkeo anajua?

Mti_Mkavu
Anajua nilifanya overtime. Kwani nimekosa nini? Sinywi, nilishaacha, hela ilinunua kitanda cha mtoto na fungu la kumi nililitoa kanisani, dola sitini, mchungaji mwenyewe akaniombea kazi ya mikono yangu. Na nimeshapanga, nimeongea na mpwa wa mke wangu atakaa karibu na waya wa antena, nikisema "Bwana asifiwe" anachomoa, sekunde thelathini zinapita anarudisha. Nataka tu kujua kama mna njia bora zaidi.

Msee wa Ruiru
Buda, kwa fellowship ukisema Bwana asifiwe watu kumi wataitika amina na wewe utarudia mara ngapi? Hiyo antena itachomolewa tangu wimbo wa taifa.

Mama Junior wa Minneapolis
Mwaka huu Tubi, ile app ya video, wanaionyesha bure, waunganishie simu kwenye TV mwambie mzee ndiyo picha safi zaidi, hilo la kwenu ni la kituo cha mkoa huenda kule lisiwepo.

Mti_Mkavu
Mzee hataki mambo ya simu, anasema inakwamakwama kama redio ya mbao. Anataka antena. Mpango wangu wa waya ni mzuri tu.

Kichwa_Maji
Wakuu nilikuja kutafuta bia nimekuta CHAI. Super Bowl ya mwaka huu iko kituo cha Fox, sekunde 30 zimefika mpaka dola milioni 8. Kampuni ndogo ya bia ya mkoani ina milioni 8 za kumwonyesha Mti Mkavu anasukuma kigari? Tena bia ya Super Bowl ni Anheuser-Busch, wenyewe wenye Budweiser, farasi wakubwa na kimbwa chao. Uzi ufungwe.

Fundi wa Matangazo
Kichwa_Maji hapo umepotoka nusu. Milioni 8 ni la nchi nzima. Kituo cha mji nacho kina nafasi zake kinauza chenyewe, linaonekana mji huo tu na bei yake haifanani hata kidogo. Na huo ukiritimba wa Anheuser-Busch ulianza 1989 ukaisha 2022, wao wenyewe waliuachia, 2023 washindani wao Molson Coors wakaingia. Hata wakati wa ukiritimba wenzao walikuwa wanapita mlango wa nyuma huo huo wa vituo vya miji, 2009 Miller High Life waliweka tangazo la sekunde MOJA, jamaa anapiga kelele jina la bia limeisha. Kwa hiyo hilo linawezekana kabisa.
Mimi nina swali lingine. Mtoa mada, kwenye tangazo ulikunywa?

Mti_Mkavu
Ndiyo kidogo, kuna sehemu ya mwanzo dairekta alitaka uhalisia nikapiga mafundo matatu kamera ikiwa usoni. Nilikunywa kwa ajili ya kazi.

Fundi wa Matangazo
Basi kuna chai humu. Tangazo la bia la Marekani kwenye TV hakuna anayeonekana akimeza. Angalieni yote, wanashika, wanagonganisha, wanamimina, povu linapanda, chupa inaelekea mdomoni kamera inakata. Sio sheria ya serikali, ni utaratibu wa vituo na wenye bia wenyewe. Dairekta gani akurekodi mafundo matatu usoni akijua halipiti?

Kichwa_Maji
CHAI YA TANGAWIZI HIYO.

Nipo_Pale
Na sukari guru.

Mwalimu Mstaafu
Kumbe tunashauri hadithi? Nimepoteza asubuhi yangu.

Mti_Mkavu
Jamani. Ok sikumeza. Nilishika tu, na zilikuwa chupa za maji wamezibandika lebo. Niliongezea kidogo maana mlikuwa mnaniona kama mtoto. Nilikunywa baadaye, moja, tulipomaliza. Mbili.

Mama Junior wa Minneapolis
Si ulisema ulishaacha?

Mti_Mkavu
Nimeacha baada ya hapo.

Babu wa Bandari
Mimi namwamini, mwongo wa kweli angesema alikunywa kreti. Ila mwanangu hebu niambie, shooting mzee wako alikuwa bado Moshi, tangazo sekunde thelathini, umevaa kofia ya kuchomea nyama na miwani. Mwambie umefanana naye tu. Weusi wa Ohio wako wengi. Mbona unatetemeka hivi?

Mti_Mkavu
Sio sura.

Babu wa Bandari
Ni nini?

Mti_Mkavu
Kigari.
Waliokuja nacho gurudumu moja lilikuwa linalia kweche kweche sauti inaingia kwenye maiki. Mimi nilikuwa na kigari kwenye buti, siku ile ile nimetoka kukichukua kanisani. Fellowship walichanga wakatununulia, na mama mkwe alituma kitambaa toka Moshi, kitenge cha njano chenye kuku, yule dada wa cherehani wa kanisani akakishona kwenye paa lake na jina la mtoto kwa uzi mwekundu. Dairekta alikipenda sana kile kitenge. Hapa Ohio nzima kigari kama kile ni kimoja.

Msee wa Ruiru
Wueh.

Fundi wa Matangazo
Jina la mtoto kwenye kamera na mtoto hajazaliwa?

Mti_Mkavu
Tulishaambiwa ni wa kiume. Jina ni la mzee mwenyewe.

Kichwa_Maji
Uzi bila picha batili. Weka picha ya kigari.

Mwalimu Mstaafu
Mimi nilishaondoka ila nirudi kidogo. Kama ni kweli, mwambie mzee kabla ya Jumapili, mkae wawili, umpigie magoti. Wachaga wanaelewa mambo ya kutafuta.

Mti_Mkavu
Mwalimu asante ila nimeshampa dogo dola ishirini za waya.

Nipo_Pale
Leo ndiyo leo. Niko Mbagala saa tisa na kitu usiku, taa nimezima mke asijue, naangalia watu wa kofia ngumu wanagongana. Kijana wa Eagles kakamata pasi ya Mahomes kakimbia nayo mpaka mwisho, 17-0. Mtoa mada ripoti.

Mti_Mkavu
Sebule imejaa. Mzee kakaa mbele kabisa, kigari kiko pembeni yake mtoto kalala humo. Mzee amenuna Chiefs wanapigwa. Dogo yuko kwenye waya.

Mama Junior wa Minneapolis
Ee Bwana.

Nipo_Pale
Mkuu?

Msee wa Ruiru
Half time 24-0. Mtoa mada ako wapi?

Babu wa Bandari
Mwacheni mtoto apumue.

Kichwa_Maji
Anatunga mwisho huyo, mpeni muda.

Mti_Mkavu
Dogo alikuwa jikoni anakula sambusa.
Limepita lote. Watu wamecheka mpaka mchungaji, baba mkwe wa kwenye TV alivyoitia ile chupa kwenye koti mchungaji kapiga paja. Mimi hakuna aliyenitambua hata mmoja. Mzee peke yake hakucheka. Alisogea mbele akavaa miwani, akageuka akaangalia paa la kigari, akaangalia TV, tangazo limeshaisha wako kwenye la magari. Halafu akapitisha kidole kwenye ule uzi mwekundu.
Sasa hivi kaniita nje. Kuna baridi kali, kavaa koti langu.

Nipo_Pale
Koti lako lina nini mfukoni??

Kichwa_Maji
Weka picha ya kigari.