Ostap Bender alistahili wembe, au Mel Brooks alifanya vyema kumwacha hai?

Kitabu Kwanza (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Naleta filamu ambayo hata wale wanaomjua Mel Brooks, mwongozaji wa vichekesho wa Marekani, kwa Blazing Saddles na Young Frankenstein wengi hawajaiona: The Twelve Chairs ya mwaka 1970. Ni ya pili kwake, baada ya The Producers iliyompa Oscar ya uandishi. Aliipigia picha Yugoslavia, hadithi akaitoa kwenye riwaya ya kejeli ya Ilya Ilf na Yevgeny Petrov iliyotoka mwaka 1928.

Kwa ambao hawajaisoma: tuko Urusi ya Kisovieti, mwaka 1927. Vorobyaninov, mwinyi wa enzi ya mfalme ambaye sasa ni karani tu, anaambiwa na mama mkwe wake aliye kitandani anakata roho kwamba vito vya familia alivishonea ndani ya kiti kimoja kati ya viti 12 vya sebuleni. Viti vyenyewe vilishachukuliwa na serikali. Padri Fyodor aliyekuja kumuungamisha bibi naye kaidaka siri, kanisa kaliacha, kaingia mbioni. Mzee anaangukia mikononi mwa tapeli kijana, Ostap Bender, na safari inaanza.

Sasa mwisho (asiyetaka kujua aishie hapa). Kwenye riwaya, kimebaki kiti kimoja na wanajua kilipo. Usiku Vorobyaninov anamkata Bender koo kwa wembe akiwa usingizini, asije akagawana naye. Akienda kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli, mlinzi anamwambia vito vilishaonekana, na klabu hii unayoiona ndiyo iliyojengwa kwa hela zake. Brooks kaibakiza klabu, wembe kautoa. Kwake yeye mzee anakivunjavunja kiti kwa hasira, na Bender akianza kuondoka zake, mzee anajibwaga chini kujifanya ana kifafa. Bender anageuka, anaanza kuwaita wapita njia wachangie. Basi, imeisha.

Mimi nasema Brooks kaing'oa riwaya meno. Kejeli ya Ilf na Petrov inauma kwa sababu tamaa inafika hadi kwenye damu. Ukiondoa damu unabaki na vichekesho viwili vitatu na wimbo. Karibuni mnipinge.

Kinyozi wa Mtaa

Nakupinga asubuhi hii hii, mkuu. Unauzungumzia huo wembe kama aya ya msahafu. Hebu soma utangulizi wa riwaya yao ya pili, Ndama wa Dhahabu, ya mwaka 1931. Wanasimulia wenyewe kwamba nusura wagombane: huyu anataka Bender afe, yule anataka aishi. Wakaamua kupiga kura. Vikaratasi viwili vikatiwa kwenye bakuli la sukari, kimoja kimechorwa fuvu na mifupa miwili ya kuku. Likatoka fuvu. Nusu saa baadaye Bender hayupo.

Halafu wakafanyaje? Wakamfufua! Kwenye Ndama wa Dhahabu Bender anatembea na kovu shingoni kana kwamba alikwenda hospitali akashonwa. Waandishi wenyewe walimuua kwa bahati nasibu wakamrudisha kwa sababu wasomaji walimpenda. Leo Brooks akimwacha hai tunamwita msaliti?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Kinyozi, hadithi ya bakuli naijua, na usisahau wanaoisimulia ni wachekeshaji kazini. Lakini hata tukiichukua ilivyo, kura iliamua kama Bender afe. Haikuamua auawe na nani. Kumpa wembe Vorobyaninov ni uamuzi wa waandishi, na umeandaliwa kurasa nyingi kabla. Mwanzoni ni mzee mwoga, anayeona haya hata kudanganya. Kila kiti kinachopasuliwa na kukutwa kitupu kinamla kidogo. Mwishoni mwanafunzi anamzidi mwalimu wake, maana Bender aliiba sana ila hakumwaga damu ya mtu.

Pia mkumbuke maneno ya mlinzi wa klabu. Anajisifia jengo jipya: joto la mvuke, bafe, ukumbi wa maonyesho, mchezo wa drafti wenye saa, na mabuti ya mpira marufuku kuingia nayo! Mwuaji anasikiliza orodha hiyo huku damu ya mwenzake haijakauka. Kwenye filamu orodha hiyo inamwangukia mtu aliyepoteza mali tu. Uzito si ule.

Pwani Raha

Mie nilicheka zaidi mwanzo. Kibao cha mtaa: jina la zamani la enzi ya wafalme limeondoka, sasa unaitwa mtaa wa Marx, Engels, Lenin na Trotsky, na Trotsky, kiongozi aliyegeukwa na chama, keshapigwa mstari. Sekunde chache tu, somo zima la historia ya chama limo. Anayesema Brooks hana meno akakitazame tena kibao kile.

Shabiki wa Zamani

Mtoa mada, nadhani umeutazama mwisho ule haraka. Kuomba barabarani Brooks hakukubuni, kumo riwayani. Bender anamsimamisha Vorobyaninov kule mjini Pyatigorsk, amwambie kila apitaye kwa Kifaransa kibovu kwamba hajala siku sita. Ila riwayani ni tukio la katikati, linapita. Brooks alichofanya ni kulihamishia mwisho, na hapo ndipo akili yake ilipo. Ron Moody anamcheza mzee ambaye amevumilia kila fedheha isipokuwa hiyo moja. Ukoo wake hauombi. Bender alipomlazimisha mara ya kwanza aligoma hadi wakakaribia kupigana. Mwishoni halazimishwi na mtu. Anajibwaga mwenyewe, kwa hiari, kwa sababu anaogopa kubaki peke yake kuliko anavyoogopa aibu.

Mwaniambia hilo ni jepesi kuliko kuua? Mwuaji wa riwayani bado anajiona mwinyi anayedai chake. Huyu wa filamu hana tena cha kudai.

Mjukuu wa Upanga

Jamani, mimi nimekulia Dar, nyumba ya babu ilichukuliwa na serikali mwaka 1971 wakati wa Msajili wa Majumba. Nyumbani kwetu hadithi ya viti hivi haichekeshi sana. Nilimhurumia Vorobyaninov tangu dakika ya kwanza, na nilishukuru hakufanywa mwuaji.

Mwalimu Mstaafu

Pole, mjukuu wangu, nakuelewa. Lakini tusimpe Vorobyaninov malalamiko yasiyo yake. Ilf na Petrov walikuwa waandishi wa gazeti la wafanyakazi wa reli, Gudok, na kule kumpa mfanyakazi wa reli klabu kwa almasi za mwinyi hawakukusudia tulie. Brooks mwenyewe kamweka Tikon, mtumishi wa zamani anayemcheza yeye, mlevi anayemlilia bwana wake ilhali alikuwa akipigwa naye. Hapo kawacheka mabwana na waliowazoea.

Kitabu Kwanza (mtoa mada)

Shabiki, hoja ya kuhamisha tukio imenigusa, nitairudia filamu. Ila bado nauliza: kama mwisho wake ni mzito hivyo, mbona watu walipita tu? Mwaka mmoja baadaye Leonid Gaidai akaitengenezea filamu riwaya hiyo hiyo huko Moscow, mwaka 1976 Mark Zakharov akaifanyia televisheni, na Mrusi hadi leo anabishana yupi ni Bender halisi. Ya Brooks hata Marekani haikuuza. Nadhani ni kwa sababu amesita: anataka tumpende kila mtu.

Kinyozi wa Mtaa

Kila mtu? Na Padri Fyodor je? Dom DeLuise, anayemcheza, anauza kila alicho nacho, anasafiri hadi Siberia kufuata seti ya viti ambayo siyo, anavinunua, anavipasua kimoja kimoja, hola. Mwisho anakwea kilele cha jabali akikimbia na kiti alichopora, hajui kushuka, anamlilia Mungu. Bender na mzee wanamtazama kwa chini, wanaondoka. Riwayani angalau anapelekewa kikosi cha zimamoto kimteremshe, hata kama ni kwa kumpeleka hospitali ya vichaa. Brooks hakumpelekea hata ngazi.