Beetle ya 1972: taa ya oili inapepesa injini ikipata moto

Muuliza: Wakuu, Volkswagen Beetle yangu ya injini 1600 asubuhi iko safi. Nikikwama foleni ya Ubungo, taa ya oili, ile ya kuonya presha ya oili iko chini, inaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta inazima. Fundi kasema niandae hela ya kufungua injini yote. Kweli?

Mzee wa Boksa: Mwambie atulie, kijana wangu. Toa swichi ya oili karibu na disibyuta (kigawa umeme wa plagi), funga geji ya kweli ya kupima presha ya oili. Injini ikiwa moto, kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, ukikuta presha iko chini ya psi 28 ndipo uanze kuhangaika.

Kisha ingia chini ya gari. Injini hiyo ina valvu mbili za kurekebisha presha ya oili, moja upande wa puli ya mkanda, nyingine upande wa flaiwili (gurudumu zito la upande wa klachi). Fungua vizibo kwa bisibisi pana. Weka beseni, na ziwekee alama springi, hazilingani urefu. Pistoni ndogo ya valvu ikigoma kutoka, zungushia tepu ya mm 10 (kile chuma cha kukatia nyuzi za nati) ndani yake, uivute. Ikikwama chini, oili inarudi zake bila kufanya kazi, na taa ndiyo hiyo inapepesa. Ikikwama juu, kipoza oili (oil cooler) huvuja.

Dereva Moro: Umeweka oili gani? Hizi nyepesi za magari mapya haziifai Beetle.

Muuliza: Sijui, aliweka fundi.

Mzee wa Boksa: Ah! Mwaga. Weka lita 2.5 tu, oili ya uzito wa SAE 30, na usafishe chujio la waya. Presha ikibaki chini baada ya hapo, ni pampu au beringi, na fundi wako atakula hela yake kihalali.