TUPEANE UZOEFU: Wenye kutengeneza herini na mikufu ya karatasi hapa Mombasa, kastama wako hasa ni nani?

Binti wa Kuze
Haya jamani, najua hapa tuko wengi tunaokaa na makasi na gundi usiku wenzetu washalala. Mie nafanya shanga za karatasi, kalenda kuukuu na majarida yale ya kung'ara, na kila anayeziona ananambia hizo peleka Ngomeni, pale Fort Jesus, watalii watazigombania. Nimepeleka. Mtalii anashika, anageuza, anauliza kweli hii ni karatasi, anapiga picha, anasifu weee, halafu huyo kashika njia. Hela nazipata kwa wanawake wa hapa hapa mtaani na hao hakuna hata mtu mmoja aliyenambia niwafuate. Sasa nataka kusikia, wewe wamuuzia nani na kazi yako umeigeuza vipi kwa ajili yake? Semeni yote, bei, gundi, vanishi. Ila wale wa "njoo inboksi nikueleze" wakae kando leo.

Mama Leso
Nakuunga mkono dada. Mimi wangu ni watu wa harusi na mambo ya sare. Wakishachagua leso yao pale Biashara Street wananitumia picha WhatsApp, nami nanunua doti moja ya ile ile naikata. Nabandika kwenye kadibodi ngumu, ile ya bokisi la viatu haifai, inajikunja, natafuta jalada gumu la daftari, nabandika mawili pamoja. Pindo ndio tamu kwa herini kwa sababu maua yake ni madogo yanaingia kwenye duara vizuri, mji, yaani pale katikati ya leso, una maua makubwa ukikata wapata nusu ya kitu hakijulikani ni embe ama ni nini. Naweka gundi nyeupe juu pia, ikikauka inakuwa wazi na uzi wa kitambaa hautoki pembeni. 150 pea. Kuna mama mmoja alitaka jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa, ndio liwe herini, nikaligawa, sikio hili nusu na sikio lile nusu, basi ukumbini watu wakamzunguka wasome upande wa pili, na oda zangu nyingi za mwaka huo zilitoka hapo.

Kijana wa Likoni
Sawa niongee mimi mwanamume maana naona watu hudhani hii ni kazi ya akina mama peke yao. Nakunja kwa spoku ya baiskeli, ni nyembamba na haipindi kama kijiti cha meno. Wanaoanza wasikize: A4 moja ukikata pembetatu ndefu za kitako cha sm 2, moja ikitazama juu moja chini, wapata karibu 20. Kitako ndio urefu wa shanga, na urefu wa karatasi ndio unene wake, kwa hivyo ukitaka shanga nono usipanue kitako, unga karatasi. Mzunguko wa kwanza usitie gundi, utaganda na spoku uanze kutukana. Gazeti la kawaida mimi situmii, wino wake unaachia ukipaka vanishi na shanga zote zatoka rangi ya maji ya mtaro.

Sasa shida ya hapa kwetu si kukunja, shida ni kukauka. Kaskazi ikivuma, ile Disemba mpaka Machi, wapaka asubuhi na mchana warudia koti la pili hakuna wasiwasi, lakini masika ikiingia hewa yote ni maji, shanga wazigusa kesho yake bado zanata, na ukizitia kwenye mfuko kwa haraka zashikana zote bonge moja na hapo hakuna dawa. Mie natunga kila moja kwenye kijiti chake nachomeka kwenye kipande cha shina la mgomba, karibu na feni, sio nje. Na ukitumia vanishi ya mafuta ya fundi wa mbao jua karatasi nyeupe itageuka manjano, ile ya maji ndio inabaki safi ila ni ghali kidogo na yataka makoti matatu.

Kastama wangu ni wauza nguo wa Marikiti, wanachukua jumla. Bei yao ya kuumiza lakini wanalipa M-Pesa siku hiyo hiyo, siwezi kuwalaumu sana.

Binti wa Kuze
@Kijana wa Likoni mgomba! Mimi huchomeka kwenye sponji na zaniangukia kila siku. Shukran.

Shangazi wa Majengo
Hamjambo wanangu. Nawasoma nacheka, mwajidai mambo ya karatasi mumeyazua nyinyi. Bibi zetu wa pwani walikuwa wakitoboa ndewe za masikio wakizipanua pole pole, na ndani wakivaa karatasi za rangi zilizokunjwa mviringo, nyekundu kwa kijani kwa dhahabu, imekazwa mpaka yafanana na kibao. Mwenye uwezo alivaa majasi ya fedha au dhahabu, asiye nao akavaa karatasi, na wengine wanazo za fedha sandukuni lakini siku ya kawaida ni karatasi kwa sababu ni nyepesi. Mimi nimeyaona kwa nyanya yangu mzaa mama, sikio lake lilikuwa lapitisha kidole.

Sasa mimi nauzia wapambaji wa maharusi. Nafanya vikuba, vile vishada vidogo vya maua, na mashada ya asumini ya karatasi, ile karatasi laini ya maua, petali moja moja nabana na uzi. Kabla hamjanirukia, najua, asumini ni harufu na karatasi haina harufu, na bibi harusi asiyenukia ni bibi harusi gani. Lakini asumini ya kweli ikifika saa tatu usiku ishalegea ishakuwa rangi ya chai, na siku hizi ni picha mpaka alfajiri. Kwa hivyo wanavaa la kweli kifuani na langu kichwani. Karatasi yangu nafungia kabatini na udi siku mbili tatu, kidogo inashika. Vanishi msitie kwenye maua abadan, yanakuwa kama plastiki.

Mama Leso
Shikamoo shangazi. Hiyo ya kabati na udi naiba mchana kweupe.

Shangazi wa Majengo
Marahaba mwanangu, iba tu.

Mchongaji Changamwe
Mimi nitapinga kidogo. Watalii wananunua, ila sio barabarani. Mtu akishuka na meli pale Kilindini ana saa chache, amezungukwa na watu wanavuta mkono kila upande, huyo atanunua saa ngapi? Mimi naweka mali kauli kwenye duka la hoteli, wanalipa kikiuzwa. Kuna duka moja lilinizungusha pesa mpaka nikachoka nikaenda kutoa vitu vyangu, kwa hivyo andikishana, hata kwa daftari tu, vitu vingapi na tarehe gani. Nachanganya shanga za karatasi na vipande vya mhugu vinavyobaki kwenye kuchonga, napiga msasa, natoboa. Mti pekee ni mzito kwa mkufu, karatasi pekee mtalii anaogopa mvua itaimaliza, zikiwa pamoja anaamini. Na kadi ndogo iandike imetengenezwa na karatasi ya nini. Nikiandika ni ramani kuukuu inatoka haraka kuliko kalenda, sijui kwa nini lakini inatoka.

Nyali kwa Bahari
Naongeza tu, wanaochanganya na vitu vya bahari wawe macho. Ndani ya hifadhi ya baharini hairuhusiwi kuokota hata kombe tupu, na gamba la kasa ni kesi, usinunue hata ukiambiwa ni la zamani la babu. Kifuu cha nazi kipo bure na ukikipiga msasa ukakipaka mafuta yake mwenyewe kinang'ara kuliko hayo makombe.

Mgeni Bamburi
Samahani nauliza, kulabu za herini mnanunua za aina gani? Wateja wangu wawili masikio yamewawasha na zangu nyingine zimeshika kutu hata hazijauzwa.

Binti wa Kuze
Hizo ni za pakiti za bei rahisi, nyingi zina nikeli ndio watu wanawashwa, na hewa ya chumvi inamaliza rangi ya juu. Chukua za steinles, chuma kisichoshika kutu, zijaribu kwa sumaku wakati wa kununua lakini usiiamini sana, bora ununue chache uziache dirishani wiki moja uone. Na kwa mkufu achana na uzi wa cherehani, nenda kwa wauza vyombo vya wavuvi ukanunue mshipi wa kuvulia, ule mwembamba.

Kijana wa Likoni
Mshipi ndio, lakini fundo la kawaida linafunguka, piga mafundo matatu na tone la gundi, halafu ulifiche ndani ya shanga.

Mgeni Bamburi
Nimeelewa. Kesho naenda, nani yuko Mwembe Tayari anionyeshe duka la vyombo vya wavuvi?