Sanamu ndogo za kupaka rangi: hobi hii ina maisha bado, au ninunue printa ya 3D nihamie huko?

Brashi Namba Moja (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester, kazi ya ghala, zamu za usiku. Kwa wasioijua hobi yenyewe: unanunua sanamu ndogo ya plastiki, resini au madini, kimo milimita 54 au 75, inakuja vipande vipande na haina rangi. Unaisafisha kwa kisu na msasa, unaigundisha, unapuliza praima (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine), halafu unakaa nayo wiki na wiki na brashi yenye ncha ya sindano mpaka mtu akisogeza jicho aone mshono wa kola. Mimi napaka wanajeshi wa kihistoria, hasa vita vya 1914 hadi 1918 upande wa kwetu Afrika Mashariki.

Sasa shida. Klabu ninayohudhuria imejaa wastaafu. Watu wazuri mno, wamenifundisha kila ninachokijua, ila kila mwaka tunakwenda msibani. Watengenezaji wadogo waliokuwa wakimimina madini gereji kwao wanafunga, maana mwenye kalibu amezeeka na watoto hawazitaki. Maonyesho ya Euro Militaire pale Folkestone, ambako wapakaji wa Ulaya nzima walikuwa wanakutana, hayapo tena. Na juzi wazee wameniomba niwe katibu. Najiuliza, katibu wa nani baada ya miaka kumi?

Upande wa pili naona printa za 3D za resini zimeshuka bei, kama pauni mia mbili unapata nzuri tu. Nina akiba kidogo. Nimewaza ninunue, nianze kutoa sanamu ambazo sijawahi kuziona dukani kwa kipimo ninachopaka: mpagazi wa Carrier Corps (kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza) na mzigo kichwani, mpishi wa kambi, mama aliyefuatana na mumewe askari safarini. Kisha niuze.

Wife hataki hata kusikia. Tunakaa fleti ya vyumba viwili na mtoto wa miaka mitatu.

Ninunue? Na huo ukatibu niukubali? Natanguliza shukrani.

Mchokozi

Kumbe kuna watu wazima na ndevu zao wanacheza midoli Ulaya huko! Hiyo akiba nunua bati, mkuu, uezeke nyumba ya mama.

Brashi Namba Moja

Mama ameshaezekewa, mkuu. Karibu kwenye mada.

Kamanda Kijivu (Birmingham)

Mleta uzi, umechanganya vitu viwili. Kinachozeeka ni klabu za wanajeshi wa kihistoria, tena zile za wazee waliokulia Airfix, kampuni ya Kiingereza ya modeli za plastiki. Airfix walianza kutoa askari wadogo wa plastiki 1959, na mtoto wa enzi hizo leo ana miaka sabini na ushee. Alivipata dukani kwa hela ya peremende, sinema zilikuwa za vita, baba yake alipigana. Mtoto wa leo Napoleon hamhusu.

Lakini kupaka rangi sanamu kufa? Nenda Jumamosi kwenye duka lolote la Warhammer, ule mchezo wa mezani wa vita vya kubuni, uone foleni ya vijana. Games Workshop, wenye Warhammer, ilianza 1975 na vijana watatu London wakiuza michezo ya mezani. Desemba 2024 imeingia FTSE 100, yaani kampuni mia kubwa za soko la hisa la London, pamoja na mabenki na wauza mafuta. Biashara yenyewe ni sanamu ndogo za plastiki ambazo mnunuzi anatakiwa apake mwenyewe. Mashindano yao ya kupaka, Golden Demon, yapo tangu 1987, na kazi zinazoshinda siku hizi zinawaacha mbali wengi wa wazee wetu wa 54mm. Nasema hivyo na mimi ni mmoja wa hao wazee.

Kwa hiyo swali lako si kama hobi inakufa. Swali ni kama wewe na klabu yako mko tayari kukaa meza moja na kijana aliyekuja na zimwi la kijani lenye shoka. Klabu nyingi hazitaki. Zinamkunjia uso, harudi, halafu zinalalamika vijana hawaji.

Ukatibu ukubali kwa sharti moja: uruhusiwe kufungua mlango.

Fundi Meno (Muscat)

Salaam aleikum. Mimi sipaki sanamu, ila nimeona neno resini nikasimama. Nafanya kazi maabara ya meno, tunachapisha modeli za taya na vifaa vya upasuaji kwa printa za namna hiyohiyo: resini ya maji inagandishwa tabaka kwa tabaka kwa mwanga wa nanomita 405. Kwa hiyo naongea kazi yangu.

Sikiliza shemeji anavyosema. Resini ambayo haijaganda ni kemikali ya kuogopwa. Ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, na ukishaikataa, ndiyo basi. Tuna mwenzetu hapa alikuwa anavua glavu ili afanye haraka. Siku hizi akiingia tu chumba cha printa vidole vinavimba na kutoka malengelenge, amehamishiwa kwenye plasta. Glavu ziwe za naitraili. Za lateksi resini inapenya.

Na printa ni mwanzo tu. Sanamu ikitoka unaiosha kwenye aisopropili, aina ya spirit ambayo mvuke wake unashika moto kirahisi. Halafu unaianika kwenye mwanga wa UV ikauke sawasawa, ndipo unaikwangua viguzo vilivyoishikilia wakati wa kuchapishwa. Ile spirit chafu haimwagwi kwenye sinki, na zile karatasi za kufutia zina resini, zinaanikwa juani zigande kwanza ndipo zitupwe. Harufu ikikaa ndani ya fleti ya vyumba viwili, mtoto wa miaka mitatu ndiye anayeivuta usiku kucha.

Kama una banda nje, au gereji yenye feni ya kutoa hewa, tuzungumze. Kama ni pembeni ya jiko, hapana. Wala usimjibu mkeo kwamba umeona video watu wanafanya sebuleni.

Kijana wa Sinza

Naomba kuuliza wakuu, mimi niko Dar nataka kuanza lakini hizi rangi za Vallejo, za sanamu ndogo, sizioni popote. Naweza kutumia rangi gani?

Kamanda Kijivu

Akriliki za wanafunzi wa sanaa zinafaa kuanzia, ile ya tyubu. Ni nzito, kwa hiyo izimue kwa maji mpaka iwe nyepesi, upake tabaka mbili tatu jembamba badala ya moja zito. Rangi ikifunika macho na vifundo vya vidole, ujue umepaka nene. Hela tia kwenye brashi moja nzuri ya manyoya halisi, namba 1. Watu wanadhani inatakiwa ndogo kabisa, kumbe ile ndogo inakauka kabla haijafika kwenye sanamu. Kinachotakiwa ni ncha.

Udongo na Panya (Nairobi)

Niingie hapo kwa printa, maana mimi ndio niko upande wa pili wa hiyo biashara. Nachonga kwa kompyuta, nauza faili. Nilianza na programu ya Blender kwa sababu ni ya bure, na sijaona haja ya kuhama.

Soko limekwisha kuhama, ndugu yangu. Zamani mchongaji alikuwa anakanda epoksi kwa vidole, sanamu moja, inatiwa kalibu, inamiminwa, na kalibu ya mpira inachoka inabidi itengenezwe nyingine. Leo mchongaji anatoa faili, mashabiki wanalipa kila mwezi kidogo kidogo, kila mtu anachapisha kwake. Mimi niko Nairobi na wateja wangu wako Ujerumani na Marekani. Hakuna posta, hakuna forodha, hakuna mzigo kupotea. Kwa mtu wa huku hilo ni jambo kubwa kuliko mnavyolichukulia nyinyi wa Ulaya, ambao kifurushi kinafika mlangoni kesho yake.

Ubaya wake, faili ikishatoka imetoka. Nimekuta kazi yangu kwenye kundi la mtandaoni inagawanywa bure, mtu ameondoa jina langu ameweka lake. Na bei imeshuka kwa sababu kila mwezi kunamwagwa sanamu nyingi kuliko mtu anavyoweza kupaka maishani mwake. Ndiyo maana nakwambia, ukinunua printa ili *uuze*, unaingia sokoni ambako kila mnunuzi naye ana printa. Wenzako wanaouza chapa, yaani sanamu zilizokwisha kuchapishwa, hununua leseni kwa wachongaji, wanachapisha usiku na mchana, wanauza kwa faida ya senti. Hiyo si hobi tena, ni zamu nyingine ya ghala.

Ulichonacho wewe na wao hawana ni wazo. Mpagazi. Mama anayefuata kikosi. Hayo ndiyo ungeyafuata.

Mchokozi

Nimerudi, na safari hii sitanii. Mbona hamsemi kwamba hata kupaka kwenyewe kunakwisha? Kuna printa zinazotoa rangi zote palepale. Hero Forge unachora shujaa wako kwenye tovuti, wanakutumia amekwisha kupakwa. Na AI inatengeneza sanamu kutoka kwenye picha. Miaka mitano mingi.

Bi Rangi (Toronto)

Mchokozi, sanamu zilizopakwa tayari si kitu kipya. William Britain aliuza askari wa madini ya risasi waliopakwa kiwandani tangu 1893. Baadaye yakaja majarida ya kila wiki yenye askari aliyepakwa ndani ya pakiti. Watu waliyanunua, wakayachoka, wengine wakamkwangua yule askari rangi ili wampake upya. Anayetaka kitu cha kuweka kabatini atanunua kilichopakwa, na zamani alinunua vilevile. Anayekaa na taa na kioo cha kukuzia saa saba za usiku anataka zile saa.

Ila kuna kitu mashine imebadilisha kweli: watu wanaanza haraka. Citadel, wale wa rangi za Games Workshop, walipotoa rangi za Contrast 2019, za kupaka mara moja tu zikajitia kivuli zenyewe kwenye mikunjo, wazee walinuna. Mimi nikaona mabinti niliokuwa nawafundisha wanamaliza sanamu ya kwanza siku hiyohiyo na wanarudi wiki ijayo. Wengi zamani walikuwa wanaishia kwenye buti.

Kaka mleta uzi, nikuulize: ngozi za askari wako unazipakaje?

Brashi Namba Moja

Dada umenigusa. Vitabu na video karibu zote zinafundisha ngozi ya Mzungu. Ya mtu mweusi wanakwambia kahawia, halafu ongeza nyeupe kwenye sehemu zinazopata mwanga. Ukifanya hivyo askari anapauka kama mtoto aliyetoka kuoga mtoni hajapakwa mafuta. Mimi naanza na kahawia nzito yenye wekundu, mwanga naupandisha kwa rangi ya udongo wa njano na chungwa kidogo, nyeupe siigusi. Kwenye vivuli natia bluu kidogo sana. Mwisho vanishi ya kung'aa nusu kwenye paji, pua na mashavu tu, nguo zote zibaki mati, zising'ae. Ule mng'ao ndio unaoleta uhai.

Bi Rangi

Sasa hilo ndilo la kuuza, kama lazima uuze kitu. Mimi nimelipia mafunzo ya wapakaji mahodari wa Hispania na Italia, na somo hilo halikuwemo. Piga picha kila hatua, weka Kiswahili na Kiingereza. Haitaki feni wala glavu.

Kamanda Kijivu

Na uliweke klabuni. Jioni moja, mada ngozi nyeusi, mlango wazi kwa vijana wa Warhammer. Nitakuja na treni.

Fundi Meno

Hapo sawa. Na kama utahitaji chapa, miji mingi Uingereza ina karakana za jamii zenye printa na chumba chake. Unalipa ada, unatumia vifaa vyao, nyumbani unarudi na kitu kilichokwisha kuganda.

Brashi Namba Moja

Nimewasoma wote, asanteni sana. Nimemsomea wife jibu la Fundi Meno, amelisikiliza mara mbili kwa furaha isiyo ya lazima. Printa hainunuliwi. Ukatibu nimewajibu wazee kwamba nitauchukua, na nimeweka sharti la Kamanda. Mmoja ameguna, wengine wamekubali.

Udongo na Panya, nataka ile akiba niitumie kukulipa wewe unichongee mpagazi. Inawezekana?

Udongo na Panya

Inawezekana. Mambo machache kwanza. Niambie kipimo kabla sijagusa kitu. Usiniambie nichonge wa milimita 28 halafu mkuze mbele ya safari. Wale wadogo wanatiwa makusudi vichwa na mikono mikubwa na bunduki nene ili vionekane mezani, ukimkuza hadi 75 anakuwa kituko.

Pili, rejea. Mnara wa askari hapa Kenyatta Avenue una watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Huo wenu wa Dar una askari peke yake. Yote miwili ni ya miaka ya 1920 na ni kazi ya mchongaji mmoja, James Alexander Stevenson. Nitapita Jumapili asubuhi magari yakiwa machache nimpige picha pande zote, hasa jinsi shingo inavyobeba. Lakini sanamu ya ukumbusho humpendezesha mtu. Hawa walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na malaria na njaa kuliko risasi. Kwa hiyo uniambie unamtaka yupi: yule wa mnara, au aliyekwisha tembea miezi na mbavu zinahesabika?

Brashi Namba Moja

Wa pili. Milimita 75. Blanketi limekunjwa begani, sanduku la risasi kichwani, miguu mitupu.

Udongo na Panya

Sawa. Nusu ya malipo kabla, nusu nikikuonyesha kichwa na mikono. Faili inabaki yangu, wewe unapata leseni ya kuchapisha na kuuza chapa hamsini. Nitumie ujumbe wa faragha tuandikiane.