Picha ya rada imetoka chenga juu ya msitu: je, laida ndiyo dawa?

Mwanzisha mada:
Wanajukwaa, salaam. Ninafuatilia mteremko ambao nusu yake ni mwamba mtupu na nusu ni msitu mnene, nikitaka kujua kama ardhi inasogea polepole kabla haijaporomoka. Nimechukua picha mbili za rada za setilaiti ya Sentinel-1, zilizopishana siku 12, nikazilinganisha kwa programu. Upande wa mwamba umetoka vizuri, rangi zimepangana mithili ya upinde wa mvua. Upande wa msitu umetoka chenga tupu, kama runinga iliyokosa mawimbi. Je, nimekosea katika kuchakata, au data zenyewe ni mbovu? Na kwa kuwa laida hupima kwa leza na husifiwa kwa usahihi wake, si afadhali niachane na rada kabisa?

Mchanganuzi:
Ndugu, hujakosea, wala data si mbovu. Rada hutuma wimbi, hupokea mwangwi wake, kisha programu hulinganisha awamu ya mwangwi wa safari hii, yaani mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake, na ile ya mwangwi wa siku 12 zilizopita. Wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa takriban sentimita 5.6, na kwa kuwa linakwenda na kurudi, mzunguko mmoja kamili wa rangi huwakilisha msogeo wa sentimita 2.8 hivi, kuelekea kwenye setilaiti au kutoka kwayo. Kwa mbinu hiyohiyo, watafiti walichora jinsi tetemeko la Landers la mwaka 1992, huko California, lilivyoisogeza ardhi, wakitumia picha za setilaiti ya Ulaya ya ERS-1.

Hesabu hiyo, hata hivyo, husimama tu iwapo vitu vilivyorudisha mwangwi vimebaki palepale. Jiwe hubaki, jani na kijitawi hucheza kila upepo unapovuma, na wimbi fupi namna hiyo huishia humohumo majanini kabla ya kufika chini. Unachohitaji ni wimbi refu zaidi. ALOS-2 ya Japani hutumia wimbi la sentimita 24 hivi, linalopita majani na kugonga matawi makubwa, mashina na ardhi, na NISAR, iliyorushwa na Marekani na India Julai 2025, ina rada ya urefu wa aina hiyo na hurudi mahali palepale kila baada ya siku 12.

Mpimaji wa misitu:
Kuhusu laida, nitakuvunja moyo kidogo. Mimi huitumia GEDI, chombo kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tangu Desemba 2018, na kwa urefu wa miti ninaiamini sana: leza inapopiga, mwangwi wa kwanza hutoka vileleni na wa mwisho hutoka ardhini, na kila nanosekunde moja inayopita katikati ya miangwi hiyo ni sentimita 15 za kimo. Lakini haichori picha kamili. Kila pigo huangaza duara la mita 25, mapigo yanayofuatana katika mstari mmoja hupishana mita 60, na mstari hadi mstari ni kama mita 600. Katikati hapo hakuna kipimo chochote. Mawingu mazito nayo huizuia, ilhali rada huyapita usiku na mchana.

Tatizo lako kubwa ni mteremko wenyewe. Ukiwa na mwinamo wa nyuzi 30, ardhi iliyo ndani ya duara moja la mita 25 hutofautiana kimo kwa zaidi ya mita 14, hivyo mwangwi wa ardhi hutanuka na kuchanganyika na wa miti. Kutafuta msogeo wa sentimita humo ni kupoteza muda. Tumia laida kujua msitu una kimo gani, ukuongoze wimbi la rada lipi litaupenya.

Fundi ramani:
Nakubaliana na wenzangu, ila upande wa mwamba nao usiuamini upesi hivyo. Mvuke wa maji angani hulichelewesha wimbi na unaweza kuzua rangi zinazofanana kabisa na msogeo. Picha mbili hazitoshi, kusanya mfululizo mrefu. Pia setilaiti hizi hupita karibu na ncha za dunia zikitazama ubavuni, kwa hiyo msogeo wa kaskazini–kusini hauonekani kwa urahisi. Changanya picha za setilaiti inapopanda (kuelekea kaskazini) na inaposhuka (kuelekea kusini) ili utenganishe msogeo wa wima na wa mashariki–magharibi, ingawa ule wa kaskazini–kusini bado utakuwa mgumu kuuona.

Swali moja: je, kuna chenga mahali pasipo na mti hata mmoja? Uso wa mwamba ukibomoka au ukifunikwa na kifusi, mwangwi hupoteza ulinganifu vilevile kama juu ya majani.

Mwanzisha mada:
Nashukuruni nyote. Nimeirudia picha nikiwa nimeiweka juu ya ramani. Lipo doa la chenga lenye upana wa pikseli nne au tano, chini kidogo ya ufa wa juu, na hapo hapajawahi kuota hata nyasi. Mwanzoni nililifuta nikidhani ni uchafu wa data. Ninachukua picha za upande wa pili wa njia ya setilaiti, pamoja na za mwaka mzima uliopita, nione lilianza lini.