Madaktari mliosoma ndani na nje: usiku wa kwanza wa zamu ulimpigia nani simu? Tupeane uzoefu

Mtarajali Mstaafu

Wakuu, Jumamosi tulikuwa kwenye harusi ya mwenzetu hapa Moshi, meza moja madaktari sita, kila mmoja kasoma kwake. Ndafu imeletwa, imekatwa, imepoa, sisi bado tunabishana nani aliteseka zaidi. Mke wangu akasema hayo nendeni mkaandike, mnatuharibia sherehe. Haya, nimeandika.

Sitaki ubishi wa chuo gani bora. Swali ni moja: usiku wa kwanza umeachiwa wodi, ulimpigia nani?

Naanza mimi. Nilisoma MD, digrii ya udaktari, hapa hapa nyumbani miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa utarajali, yaani intani, hospitali sitaitaja. Nikaanzia wodi ya wazazi. Saa nane usiku mama kajifungua salama, tunapongezana, mara shuka limelowa. Damu haikati. Nampigia bingwa, simu inaita mpaka inakata. Nampigia rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, yuko thieta na kesi nyingine. Kichwani najua sababu zote nne za mama kutoka damu baada ya kujifungua, kwa mpangilio wake, lakini mikono imeganda. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, hakunifokea. Alisema, "Dokta, weka mkono hapa, kanda. Usiache mpaka nikwambie." Yeye akachoma oksitosini, akafungua dripu mbili, akatoa mkojo kwa mpira, akamtuma ndugu wa mgonjwa maabara akatoe damu. Nilikanda lile tumbo mpaka bega likafa ganzi, ndipo kizazi kikajikaza kama ngumi.

Bingwa alinipigia saa moja asubuhi kuuliza kama kuna shida.

Chalii wa Sakina

Mimi China, miaka sita, darasa la Kiingereza. Mwaka wa mwisho unapelekwa hospitalini, na hapo ndipo unagundua Kichina chako cha kuagizia tambi hakitoshi. Mgonjwa ni bibi wa kijijini, anaongea lahaja ambayo hata wanafunzi Wachina wanaulizana kasema nini. Nilijua kuuliza "wapi panauma", tatizo lilikuwa jibu. Halafu wagonjwa wengi hawataki mgeni awaguse, kwa hiyo tunasimama nyuma ya kundi, tunatazama. Kutazama nako ni shule, nisikufuru: nimeona mtu anaingia na kiharusi, picha ya CT imetoka kabla hajavuliwa viatu. Huku kwetu kwanza ndugu wanaitana kikao cha hela.

Nikarudi Arusha, nikafanya mtihani wa Baraza la Madaktari, nikapangiwa kituo. Usiku wa kwanza, mtoto wa miaka miwili anaharisha, macho yameingia ndani, anataka dripu. Nimetoboa mara nne. Mama yake haongei, ananiangalia tu. Nilimpigia nani? Tabibu mmoja wa diploma, mdogo kwangu kiumri. Akaja, akafunga glavu kwenye mkono wa mtoto kama kamba, akapapasa huku anaongea na mama, kanula ikaingia. Kesho yake nikamnunulia chipsi mayai, nikamwambia nifundishe. Wiki tatu, kila jioni.

Mzee wa Rau

Ada ya chipsi mayai wiki tatu, na ya China miaka sita. Baba yako anajua hizi hesabu? 😂

Chalii wa Sakina

Mzee, baba aliuza shamba. Tusifike huko.

Binti Marangu

Mimi sina usiku, nina alfajiri. Tarehe 24 Februari 2022, siku vita inaanza, Kharkiv, Ukraine, niko mwaka wa tano. Mshindo ulituamsha nikadhani radi. Nilimpigia mama, akasema funga mlango usali. Tukalala chini ya ardhi kwenye stesheni, baadaye treni mpaka Lviv, njia nzima tumesimama, halafu kwa miguu kwenye baridi hadi tukavuka kuingia Poland. Ukraine wana mtihani wa taifa wa udaktari unaitwa KROK, wa kwanza baada ya mwaka wa tatu, wa pili mwaka wa sita. Wa kwanza nilishafaulu. Wa pili ndiyo nilikuwa nautazamia.

Nikarudi nyumbani, masomo yakaendelea kwa mtandao. Nasomea mgombani kwa sababu ndipo penye mtandao. Profesa anafundisha kusikiliza milio ya moyo, kwake king'ora kinalia, kwangu ng'ombe anadai majani. Yule mzee alikuwa anasema samahani, ananyamaza, king'ora kikiisha anaendelea pale pale alipoachia. Baadaye nilihamia chuo kingine Ulaya, nikarudishwa mwaka. Leo ndiyo mtarajali, wakati niliomaliza nao sekondari wanaingia ubingwa. Nikipanga foleni ya posho na vijana wananiita dada.

Dokta wa Mvua

Uingereza hapa. Nilitokea Moshi baada ya utarajali, nikafanya PLAB, mtihani wa madaktari waliosoma nje ya Uingereza: ya kwanza, maswali 180 kwa saa tatu, kisha ya pili kule Manchester, unazunguka vyumba vya dakika nane nane na wagonjwa wa kuigiza. Mmoja alilia machozi ya kweli, nikasahau kunawa mikono.

Usiku wa kwanza nilipewa kifaa cha kuitia, kinalia kama kifaranga aliyepotea. Wodi nyingi, mimi mmoja. Lakini mleta mada, nikimpigia mkubwa wangu anapokea. Mara ya kwanza! Na asubuhi unakabidhi zamu, unaambiwa nenda nyumbani. Nilibaki nimesimama nikidhani wananitega.

Kilichonishinda ni kingine. Saa kumi alfajiri niliitwa kuthibitisha kifo. Bibi wa miaka tisini. Nimezoea kwetu: ndugu wamelala chini ya kitanda, shangazi anaanza, wodi nzima inapokea. Pale kimya. Muuguzi kafungua dirisha, kanipa fomu. Nikasema "pole", kwa Kiswahili, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kupewa.

Tumewazidi kitu kimoja, lakini. Siku daktari bingwa anafundisha maji kujaa mapafuni kwa ugonjwa wa mwinuko, akauliza nani ameshaona. Mkono wangu peke yake. Nikawaeleza wapandaji wanavyoshushwa Kibo kwa machela usiku, mapovu ya pinki mdomoni, na kwamba dawa ya kwanza ni kushuka.

Jirani wa Taveta

Kenya sisi usiku wetu wa kwanza ulichelewa kwa sababu ya mgomo. 2024, siku 56. Mkataba ulisema intani alipwe kama shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikasema tuna 70,000. Nilikaa nyumbani nikilima nyanya na digrii ukutani.

Mzee wa Rau

Na mgomo wa madaktari hapa 2012 mmesahau? Au mlikuwa shule ya msingi?

Mtoto wa Njiro

Marekani, niko mwaka wa pili wa ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kanuni inasema kazi isizidi saa 80 kwa wiki, wastani wa wiki nne, tangu 2003. Chanzo ni binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki New York mwaka 1984 mikononi mwa madaktari wanafunzi waliokuwa na zamu ndefu na wagonjwa kibao. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, hakukubali. Nilimpigia nani? Mfamasia. Kule mfamasia wa usiku anakuokoa na dozi za kijinga.

Mtarajali Mstaafu

Saa 80! Sisi nani alihesabu?

Mama Wodi

Mimi si daktari, ni muuguzi, miaka ishirini na ushee, watarajali nimewapokea mpaka nimewachanganya majina. Mnajisifu nchi mlizosoma. Mimi saa nane usiku naangalia kitu kimoja tu, kama unauliza. Kuna mmoja alirudi na Kirusi chake na tai, alijifanya anajua, nikamkuta stoo ya mashuka analia. Nikampa uji kwenye kikombe cha dawa, maana vikombe vingine vilikuwa vimeibwa. Sasa ni bingwa, akipita anasema shikamoo mama mbele ya wanafunzi wake.

Na nyie mabingwa mnaosoma hapa, pokeeni simu.

Naripoti Jumatatu

Shikamooni wakubwa. Nimepangiwa utarajali Arusha, naanza na upasuaji. Nibebe nini?

Chalii wa Sakina

Viatu vya kufunika vidole, damu haina adabu. Soksi za akiba. Pawabenki. Na namba ya tabibu.

Mama Wodi

Marahaba. Kalamu kumi. Tisa wataazima mabingwa.